Krismasi hadi Epifania: Ulaya ya Baridi kwa Watu Wawili

Mgeni wa Ulaya ya Desemba huogopa baridi, lakini kinachompangia siku hasa ni giza. Karibu na tarehe 21 Desemba, jua la Vienna huchomoza saa mbili kasorobo asubuhi na kuzama saa kumi jioni. Paris linachelewa zaidi: huchomoza saa tatu kasoro dakika ishirini hivi na kuzama karibu na saa kumi na moja. Kwa aliyezoea jua la ikweta, ambalo halibadili ratiba mwaka mzima, hizo ni saa nane tu za mwanga, na mara nyingi ni mwanga wa kijivu chini ya mawingu mazito. Theluji ya kwenye kadi za Krismasi nayo haina ahadi mijini. Paris na Vienna mwishoni mwa Desemba hupata mvua na ukungu mara nyingi kuliko theluji. Anayetaka theluji ya uhakika apande milimani.

Kwa hiyo uhondo wa msimu huu uko jioni, chini ya taa au ndani ya nyumba zenye joto: masoko ya Krismasi, kumbi za muziki, mikahawa, makumbusho yanayochelewa kufungwa. Anayeamka alfajiri ili awahi mandhari atasimama gizani akisubiri. Anayetembea mitaani kuanzia saa nne hadi saa tisa, kisha akaingia ndani, hapotezi kitu.

Njia inayowafaa mume na mke wenye wiki tatu hivi ni ya treni, kutoka Paris hadi Strasbourg, Nuremberg, Salzburg na Vienna, halafu kuvuka Alps hadi Milano. Nchi zote tano za njia hiyo zimo katika eneo la Schengen, ikiwemo Uswisi, ambayo haimo katika Umoja wa Ulaya na hutumia faranga zake. Viza moja basi inatosha, ila kila mmoja huomba yake. Ada kwa mtu mzima imekuwa euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari lazima ifike angalau euro 30,000. Maombi hupelekwa kwa nchi ambako wasafiri watakaa siku nyingi zaidi, kwa njia hii Austria, si mapema kuliko miezi sita kabla ya safari wala si chini ya siku 15.

Kuhusu mavazi, kosa la kawaida ni kununua koti moja nene na kuacha mengine. Ndani ya treni, maduka na hoteli kuna joto la kutosha kukaa na shati, kwa hiyo nguo nyembamba kadhaa za kuvaa moja juu ya nyingine, zinazovuliwa moja moja, husaidia kuliko sweta moja zito. Viatu visivyopitisha maji ndivyo vya kugharimia. Mtu hupoa kuanzia miguuni, hasa akisimama muda mrefu juu ya mawe ya soko.

Paris haihitaji maelezo mengi. Kanisa Kuu la Notre-Dame, lililoungua Aprili 2019, lilifunguliwa tena Desemba 2024. Makumbusho ya Louvre hufungwa Jumanne, lakini Jumatano na Ijumaa hubaki wazi hadi saa tatu usiku, saa zinazoendana vizuri na siku fupi. Kutoka hapo treni ya kasi hufika Strasbourg kwa chini ya saa mbili.

Strasbourg ina soko la Krismasi tangu mwaka 1570, na vibanda vyake vimetawanyika katika viwanja vingi vya mji wa kale. Juu ya vyote umesimama mnara wa kanisa kuu, wa mawe mekundu ya milima ya Vosges, wenye urefu wa mita 142. Ulikamilika mwaka 1439, na tangu 1647 hadi 1874 hakukuwa na jengo refu kuliko hilo duniani. Mnara wa pili haukujengwa kamwe, na kwa macho ya wengi kanisa limependeza zaidi kwa upungufu huo. Ndani kuna saa kubwa ya kinajimu, ambayo mitambo yake ya sasa ilikamilika mwaka 1842. Kila siku saa sita na nusu mchana sanamu za mitume hupita mbele ya Kristo, na jogoo wa mashine huwika. Mpangaji wa safari akumbuke pia kwamba Alsace ina sheria zake za kienyeji: tarehe 26 Desemba ni sikukuu huko, ingawa sehemu kubwa ya Ufaransa siku hiyo watu wako kazini.

Nuremberg ndiko soko la Krismasi linakofikia kilele. Hufunguliwa Ijumaa kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio na kufungwa tarehe 24 Desemba. Anayelifungua ni binti mwenye taji la dhahabu, aitwaye Christkind, akisimama kwenye roshani ya Kanisa la Mama Yetu. Huchaguliwa kila baada ya miaka miwili. Vibanda vimeezekwa turubai la mistari myekundu na myeupe. Harufu inayotoka humo haitakuwa ngeni kwa mtu wa Unguja au Pemba, kwani ni karafuu na mdalasini. Biskuti laini za Lebkuchen, fahari ya mji huu tangu Enzi za Kati, hutegemea viungo vilivyosafirishwa kutoka mashariki, na karafuu ndiyo zao ambalo Zanzibar ya karne ya 19 ilikuwa mzalishaji wake mkuu duniani.

Viungo hivyo hivyo hutiwa katika mvinyo mwekundu unaopashwa moto, Glühwein. Ununuzi wake una utaratibu wake. Mnunuzi hulipa bei ya kinywaji pamoja na amana ya kikombe. Kikombe ni cha udongo, kimechorwa jina la mji na mara nyingi mwaka. Akikirudisha hupewa amana yake, asipokirudisha amekinunua, na ndivyo kabati nyingi za Ulaya zilivyojaa vikombe visivyolingana. Kwa Waislamu na wengine wasiokunywa pombe kuna Kinderpunsch, juisi ya matunda yenye viungo vile vile, katika kikombe kile kile. Soseji fupi za Nuremberg, tatu ndani ya mkate mmoja, ni za nguruwe.

Kutoka hapa wawili hunufaika kwa kuwa wawili. Bayern-Ticket, tiketi ya siku ya treni za kawaida za jimbo la Bavaria, inaweza kutumiwa na hadi watu watano kwa nyongeza ndogo kwa kila anayezidi mmoja, na uhalali wake unafika hadi stesheni kuu ya Salzburg, ng'ambo ya mpaka. Siku za kazi huanza kutumika saa tatu asubuhi. Hoteli nazo hushangaza kidogo: katika Ujerumani na Austria kitanda cha wawili mara nyingi huwa na magodoro mawili kando kwa kando na duveti mbili, kila mtu na lake. Si dalili kwamba mapokezi wamekosea chumba. Kwa usiku wa baridi ni mpango wa busara, maana hakuna wa kumvuta mwenzake shuka.

Salzburg ifikiwe kabla ya mkesha wa Krismasi, kwa kuwa alasiri ya tarehe 24 maduka hufungwa na mabasi hupungua. Mji mdogo wa Oberndorf, kaskazini mwa Salzburg kando ya mto Salzach, ndiko wimbo unaoimbwa kwa Kiswahili kama "Usiku Mtakatifu" ulikoimbwa kwa mara ya kwanza, mkesha wa mwaka 1818. Maneno yalikuwa ya padre Joseph Mohr na muziki wa mwalimu Franz Xaver Gruber, na waliuimba kwa gitaa. Kanisa walimouimba liliharibiwa na mafuriko ya mto na kubomolewa. Mahali pake kuna kikanisa kidogo cha kumbukumbu ambako watu hukusanyika kila mkesha. Salzburg ina uhusiano mwingine na Afrika Mashariki ambao vitabu vya watalii huusahau: Ludwig Purtscheller, aliyefika kilele cha Kibo pamoja na Hans Meyer mwaka 1889, alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo katika mji huu.

Vienna inastahili siku nyingi kuliko mji mwingine wowote wa njia hii. Utamaduni wa mikahawa yake uliingizwa mwaka 2011 katika orodha ya taifa ya turathi zisizoshikika: kahawa huletwa kwenye sinia dogo pamoja na glasi ya maji, magazeti yametundikwa kwenye vishikio vya mbao, na mteja wa kikombe kimoja hafukuzwi hata akikaa saa tatu. Opera ya Taifa huuza tiketi za kusimama kwa bei ndogo. Makumbusho ya Kunsthistorisches hubaki wazi Alhamisi hadi saa tatu usiku, na hapo ndipo ilipo picha bora ya majira ya baridi ambayo msanii wa Ulaya amewahi kuchora: "Wawindaji Thelujini" ya Pieter Bruegel, ya mwaka 1565. Wawindaji watatu wanarudi wamechoka, mbwa wamefuata nyuma vichwa chini, na windo lote ni mbweha mmoja. Bango la nyumba ya wageni limening'inia kwa upande mmoja. Bondeni watu wadogo kama sisimizi wanateleza na kucheza juu ya mabwawa yaliyoganda. Njaa na furaha zimewekwa katika baridi moja, na jicho halijui lianzie wapi.

Usiku wa tarehe 31, kengele ya Pummerin ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Stefano, yenye uzito wa zaidi ya tani 20, hutangaza mwaka mpya, kisha redio hupiga waltz ya Johann Strauss na watu huicheza barabarani na makoti yao. Tiketi za Tamasha la Mwaka Mpya la Vienna Philharmonic hugawiwa kwa bahati nasibu, na majina huandikishwa miezi mingi kabla. Aliyekosa hulitazama kwenye televisheni ya hotelini kama mamilioni ya wengine.

Kutoka Vienna treni hukimbia siku nzima kuelekea magharibi, kupitia Innsbruck na Arlberg. Wanaokwenda Chur, mji wa Uswisi, hushuka Sargans na kubadilisha. Chur ndiko huanzia safari ya kupitia reli za Albula na Bernina, ambazo pamoja zimo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2008. Daraja la Landwasser, la mwaka 1902, hupinda juu ya bonde kwa kimo cha mita 65 na kuingiza treni moja kwa moja kwenye handaki lililo ndani ya jabali. Kati ya Preda na Bergün barabara hufungwa kwa magari majira ya baridi ikawa njia ya sleji ya kilomita sita, na treni huwarudisha watu juu. Kwa wasiojua kuteleza kwa skii, huu ndio mchezo wa theluji unaowezekana siku ya kwanza. Reli hupanda hadi mita 2,253 bila meno ya kushikilia, kando ya ziwa lililoganda, kisha hushuka hadi Tirano, mita 429, upande wa Italia. Treni ya kawaida hupita reli ile ile na ya watalii, wala haina ada ya kuhifadhi kiti.

Kutoka Tirano, Milano ifikiwe kabla ya tarehe 6 Januari, Epifania, ambayo Italia ni sikukuu ya kitaifa. Siku hiyo maandamano ya Mamajusi hutoka Duomo hadi Kanisa la Sant'Eustorgio, ambako masalia yao yalihifadhiwa kabla ya kuchukuliwa hadi Cologne mwaka 1164. Sehemu ndogo ilirudishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Kesho yake mapambo huanza kuteremshwa, na vyumba vya hoteli hupungua bei.