Kwenda kwenye mtihani wa udereva ukiwa peke yako: kisa cha Ireland

Chukua mfano wa binti wa miaka 19 anayeishi kijijini, kilomita 40 kutoka mji wenye kituo cha mtihani wa udereva. Mtihani wake ni saa tatu asubuhi. Anatakiwa afike na gari, kwa sababu kituo hakimpi gari la kufanyia mtihani. Gari lipo, ni la mama yake, lakini mama yuko zamu kazini. Kaka yake ana leseni, ila ameipata mwaka jana tu, na kwa sheria ya huko bado hajafaa kumsindikiza mtu. Basi la kupita kijijini asubuhi hiyo hakuna. Hata kama lingekuwepo, gari lingebaki nyumbani.

Afanye nini? Asipofika, ada ya euro 85 imekwenda na anaanza upya kusubiri tarehe nyingine. Akienda mwenyewe, anavunja sheria ile ile anayokwenda kutahiniwa.

Mfano huu tumeuweka Ireland, nchi ambayo wamebishana juu ya jambo hili kwa miaka mingi, bungeni, redioni na majumbani. Wengi wenu mnaojifunza udereva mkiwa mbali na mji mtauelewa haraka. Herufi L wanayobandika kwenye magari yao ndiyo hiyo hiyo tunayoiona Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Tena wapo ndugu zetu waliokwenda kufanya kazi huko, na sheria hii huwapata wakiwa hawajajiandaa.

Sheria inataka nini?

Anayejifunza nchini Ireland hupewa leseni ya kujifunzia. Kwa gari la kawaida lazima abandike L mbele na nyuma, haruhusiwi kuingia kwenye barabara kuu za mwendo kasi, na kila anapoendesha lazima kando yake akae mtu mwenye leseni kamili ya gari la aina hiyo. Msindikizaji huyo awe amekuwa na leseni hiyo kwa miaka miwili au zaidi, ndiyo maana kaka wa yule binti hahesabiki. Tangu mwaka 2011 mwanafunzi hutakiwa pia kupitia masomo 12 ya lazima kwa mwalimu anayetambuliwa, na kwa kawaida hukaa na leseni ya kujifunzia kwa miezi sita kabla ya kufanya mtihani.

Katika mtihani wenyewe msindikizaji hahitajiki. Mwanafunzi anaendesha, mtahini amekaa kando anaandika, na kwa takriban dakika 40 hakuna kosa. Mtahini akishashuka, sheria ya msindikizaji inarudi pale pale.

Akishindwa ni wazi kwamba bado ni mwanafunzi. Lakini hata akifaulu, hawezi kurudi nyumbani peke yake. Anachopewa siku hiyo ni cheti cha kufaulu, na cheti si leseni. Mpaka akipeleke kwenye ofisi ya leseni na kupata leseni kamili, bado anahitaji mtu wa kukaa naye garini. Kwa hiyo yule binti anaweza kufaulu saa nne kasoro asubuhi, akatoka kituoni akicheka, akawasha gari na kutenda kosa palepale nje ya lango.

Nchi iliyozoea kulegeza

Ili uelewe kwa nini watu wengi walikuwa wakienda peke yao bila kuona haya, inabidi turudi nyuma. Ireland ilianza kutahini madereva mwaka 1964. Kabla ya hapo leseni ilikuwa kitu cha kulipia tu. Mwaka 1979 foleni ya mtihani ilikuwa ndefu kiasi kwamba serikali ilichoka nayo, ikawapa leseni kamili maelfu ya watu waliokuwa wakisubiri, bila mtihani wowote. Baadhi yao wanaendesha hadi leo.

Kulikuwa pia na utaratibu ambao sisi tunauona wa ajabu. Mwanafunzi alipewa leseni ya muda ya kwanza, na hiyo ilimtaka awe na msindikizaji. Ikiisha, akapewa ya pili. Ya pili haikumtaka awe na mtu kwa gari dogo. Yaani mtu angeweza kushindwa mtihani leo, kesho akaendesha peke yake kwa halali, mradi tu karatasi yake ni ya pili.

Oktoba 2007 serikali ilitangaza kwamba mwanya huo unafungwa, na kwamba watu wana siku chache tu za kujiandaa. Zaidi ya watu 100,000 walikuwa na leseni hiyo ya pili. Wauguzi, mafundi, watoto wa wakulima, watu waliokwenda kazini kila siku kwa gari, wote wangegeuka wavunja sheria kufikia wiki iliyofuata. Kelele zilikuwa kubwa mno hata serikali ikarudi nyuma na kuwapa muda mpaka tarehe 30 Juni 2008. Siku hiyo ruhusa ikaisha.

Ikaisha kwenye karatasi. Barabarani, hasa vijijini, watu waliendelea.

Desemba 2015

Tarehe 22 Desemba 2015, karibu na Kilworth katika jimbo la Cork, gari lililoendeshwa na dereva mwanafunzi asiye na msindikizaji liligongana na gari la mama na binti yake. Gari la hao wawili lilitumbukia kwenye mtaro uliojaa maji, nao wakafariki. Noel Clancy, mume wa mama huyo na baba wa binti huyo, alipita njia hiyo akakuta ajali, akasimama kusaidia. Baadaye ndipo akajua waliokuwa ndani ni akina nani.

Dereva yule hakuwa akienda kwenye mtihani. Alikuwa kwenye safari ya kawaida ya karibu na nyumbani, kama walivyokuwa wakifanya wengine wengi. Clancy hakutaka mjadala uishie kwa mtu mmoja. Aliuliza kuhusu gari lenyewe: ni la nani, na aliyetoa ufunguo ana lawama gani? Sheria ya wakati huo haikumgusa mwenye gari.

Alizunguka na swali hilo miaka mitatu. Tarehe 22 Desemba 2018, siku ya kumbukumbu ya vifo hivyo, vifungu vinavyoitwa Marekebisho ya Clancy vilianza kutumika. Tangu hapo mwenye gari akimruhusu kwa makusudi mwanafunzi kuendesha peke yake, naye ametenda kosa, na adhabu inaweza kufika hadi kifungo. Polisi, ambao huko huitwa Garda, walipewa uwezo wa kulizuia gari papo hapo. Mwanafunzi mwenyewe hutozwa faini na kuongezewa pointi za adhabu, na kwa mwanafunzi pointi 7 zinatosha kumfungia kuendesha kwa miezi sita. Dereva wa kawaida hufungiwa akifikisha 12.

Hapo ndipo mama wa yule binti wa mfano wetu anapoingia. Asubuhi ile akiacha ufunguo mezani akijua bintiye ataondoka peke yake, kosa ni lao wawili.

Hoja ya vijijini

Wabunge wa vijijini waliipinga sheria hii kwa nguvu, na waliosikika zaidi ni ndugu wawili wa familia ya Healy-Rae kutoka Kerry. Hoja yao ilikuwa kwamba Dublin kuna basi na treni, lakini kijana wa milimani hana kitu. Mzazi mmoja yuko kazini, mwingine labda hana leseni, na mwalimu wa udereva hutoza fedha kukaa na mwanafunzi kwenda na kurudi. Wakasema serikali inamwadhibu kijana kwa kukosa kitu ambacho serikali yenyewe haijamletea.

Hoja hiyo si ya kupuuza. Lakini barabara za vijijini ndizo zenye kona zisizoonekana, mitaro pembeni na giza. Aliyeshindwa mtihani mjini hageuki kuwa dereva mzuri kwa sababu kwao hakuna basi, na jirani anayekuja upande wa pili naye ni mtu wa kijijini. Kwa maoni yetu, wabunge wale walikuwa na haki kudai mabasi na vituo vya karibu, ila hawakuwa na haki kudai kwamba mpaka vije, sheria ilegezwe.

Nanyi wenye pikipiki mtakuwa mmeshajiuliza: pikipiki inasindikizwaje? Haisindikizwi. Mwanafunzi wa pikipiki huendesha peke yake, ila kwanza apitie mafunzo ya awali ya saa 16, avae kizibao chenye L, na asipakie abiria. Trekta nalo halidai msindikizaji, na leseni yake ya kujifunzia hutolewa kuanzia miaka 16. Kijana wa miaka 16 anaweza kupita barabarani peke yake na trekta kubwa kuliko nyumba yao, huku dada yake wa miaka 19 akizuiwa kupeleka gari dogo kwenye mtihani. Wakulima wa huko hulitaja jambo hili kila mjadala unapoanza, na hatujasikia jibu la kuridhisha.

Ukitoka huku kwetu

Ireland ina orodha ya nchi ambazo leseni zake hubadilishwa moja kwa moja. Afrika Kusini imo. Kenya, Tanzania na Uganda hazimo. Mgeni wa muda anaweza kuendesha kwa leseni ya kwao, lakini akihamia rasmi huanza kama mwanafunzi, hata kama ameendesha lori la Mombasa hadi Kampala miaka 20. Hubandika L, hutafuta msindikizaji, na hungoja mtihani. Nafuu anayoweza kuomba ni kupunguziwa masomo ya lazima kutoka 12 hadi 6, akithibitisha leseni yake ya zamani.

Tatizo la msindikizaji humbana huyu kuliko mzaliwa wa huko. Hana mama wala shangazi jirani, na wenzake anaoishi nao mara nyingi wamepata leseni za huko karibuni, hawajafikisha miaka miwili. Wengi huishia kumlipa mwalimu wa udereva aende nao siku ya mtihani, na mara nyingi gari linalotumika ni la mwalimu huyo huyo. Ukiwa na ndugu anayejiandaa kwenda, mwambie aweke fedha hiyo kando mapema, na aulize siku anayoweka tarehe, si wiki ya mtihani, kwa sababu walimu nao hujaa.

Foleni nayo imewahi kuwa tatizo kubwa. Aprili 2025 wastani wa kusubiri mtihani ulifika takriban wiki 27, na serikali ikaahidi kuushusha hadi wiki 10. Anayekosa tarehe yake kwa sababu ya kukosa msindikizaji hurudi kwenye foleni.