Kengele ya Rimu na Dawati la Watu Wawili (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi vitongoji vya pembezoni mwa Dar es Salaam vinavyozaliwa. Watu hutangulia, huduma zikafuata kwa kujikokota. Aliyenunua kiwanja Chamazi au Mabwepande alijenga kwanza, akatafuta maji, ndipo akaanza kuuliza mtoto atasoma wapi. Leo tuingie darasani, maana ndiko mtoto anakokutana na neno "umma" kabla hajajua kuliandika.

Shule ya chumba kimoja si hadithi ya kale. Shule shikizi tunazozisikia kwenye taarifa ya habari ndizo hizo: shule changa inayoegemea shule mama, yenye chumba kimoja au viwili na walimu wa kuhesabika, kwa ajili ya wadogo wasioweza kutembea hadi shule mama. Mwaka 2021, kwa fedha za mpango wa kukabiliana na UVIKO-19, Serikali ilipanga kujenga vyumba vya madarasa 15,000 nchini. Kati ya hivyo, 3,000 vilikuwa vya shule shikizi.

Lakini anayetaka kumfundisha mtoto habari za shule ya namna hiyo aanzie kwa bibi na babu yake. Chini ya Mwingereza, shule zilitengwa kwa rangi. Mtoto wa Kiafrika aliyebahatika kuingia alisoma miaka minne, kisha ukamkabili mtihani wa darasa la nne, na hapo wengi walirudi shambani. Baada ya Uhuru utengano ule ulifutwa. Machi 1967 Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule iwe jumuiya inayofanya kazi na kuzalisha, si mahali pa kukariri tu. Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma: kufikia mwisho wa 1977, kila mtoto wa rika la shule awe ameandikishwa.

Walimu hawakutosha, vyumba havikutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakawa wanafundisha huku wenyewe wakifundishwa ualimu; ndio hao walioitwa walimu wa UPE, yaani wa mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Wananchi wakafyatua matofali. Penye watoto wengi kuliko paa, mwembe ukawa darasa.

Mwulize bibi siku ya shule ilivyokwenda. Kengele ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa tawini, ikigongwa kwa kipande cha nondo. Kabla haijalia, kila mtoto amefika na fagio la chelewa na kidumu cha maji. Kila mmoja ana namba yake, yaani kipande cha uwanja anachokifagia, na kiranja anapita kukagua. Kisha mchakamchaka, paredi, ukaguzi wa kucha, ndipo darasani. Kitabu kimoja watoto watano. Aliyeketi upande wa pili wa kitabu alijifunza kusoma herufi zikiwa kichwa chini miguu juu.

Tusiwadanganye watoto, hata hivyo, kwamba zamani yote ilikuwa njema. Fimbo ilitembea. Na kidumu kile hakikuishia kwenye miche ya shule siku zote. Mara nyingine kiliishia jikoni kwa mwalimu, na jembe likaishia shambani kwake. Vyote viliitwa kujitegemea. Mimi naona hapa ndipo penye somo lenyewe. Mweleze mtoto visa viwili, maji ya miche na maji ya jikoni, kisha mwulize: kipi kilikuwa cha wote, kipi kilikuwa cha mtu mmoja? Atakayeweza kuvitenganisha ameshika mzizi wa uraia. Siku akikuta gari la ofisi limebeba harusi ya bosi, hatahitaji kufafanuliwa.

Somo la Siasa liliondoka na Uraia ukashika nafasi yake baada ya nchi kurudi kwenye vyama vingi mwaka 1992. Mtaala ulioanza kutumika 2024 umeleta Historia ya Tanzania na Maadili. Majina yamebadilika, lakini hatari iliyokuwapo bado ipo: mtoto anaweza kukutajia mihimili mitatu ya dola bila kukwama, kisha akatoka nje na kuacha bomba la shule linamwagika.

Shule nyingi za Temeke na Kinondoni hazina mwembe tena, ila zina zamu mbili. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, uandikishaji uliongezeka ghafla, na chumba kimoja kikalazimika kulea wa asubuhi na wa mchana. Wa kwanza wanatoka wakiwa na jasho, wa pili wanaingia na mabegi. Wanakalia dawati moja, na hawajuani.

Katika shule moja ya Mbagala nilimkuta mwalimu aliyeigeuza shida hiyo kuwa kipindi cha uraia. Aliwaambia wa mchana wamwandikie barua yule anayeketi dawati lao asubuhi. Wengi waliandika salamu na majina ya timu zao, Simba na Yanga. Mvulana mmoja, aliyebanwa kwenye kona na wenzake watatu, aliandika mistari miwili: "Wewe wa asubuhi, msumari umetoka upande wa dirishani. Angalia usichane nguo." Hakujua kama anamwandikia mvulana au msichana.

Kesho yake mchana alikuta karatasi imekunjwa chini ya dawati. Msumari ulikuwa umelala. Kwenye karatasi paliandikwa: "Nimeugonga kwa jiwe. Ukitoka tena niambie."

Mwalimu alizisoma barua zote mbili mbele ya darasa, kisha akauliza dawati lile ni la nani. Wakabishana hadi kengele ikalia.

Itaendelea wiki ijayo: Kamati ya shule, serikali ya mtaa, na mzazi asiyehudhuria mkutano.