Puto na mabawa: je, gesi inaweza kuzuia ndege isianguke?

Na Mwandishi Wetu, Washington, D.C.

Kila ndege inapoanguka, swali moja huulizwa upya kwenye vijiwe vyetu hapa Maryland na Virginia, na wanaouliza ni watu wenye akili timamu kabisa. Puto la gesi halianguki. Likikatika kamba linapaa. Ndege ikizimika injini inateremka, itake isitake. Kwa nini basi wataalamu wasiunganishe vitu hivi viwili, ndege ikabebwa na mabawa na gesi kwa pamoja, ili siku injini zikifa ishuke polepole kama jani?

Swali hilo lilirudi baada ya Januari 29, 2025, ndege ya abiria ilipogongana na helikopta ya jeshi juu ya mto Potomac, karibu na uwanja wa Reagan. Watu wote 67 walikufa. Wakongwe wa mji huu walikumbuka Januari 13, 1982, ndege ya Air Florida iliyokuwa na barafu kwenye mabawa ilipogonga daraja la 14th Street na kutumbukia katika mto huo huo. Watu 78 walipoteza maisha. Na wasomaji wetu wa Afrika Mashariki hawajasahau Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka katika Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Watu 43 walikuwemo, 19 wakafa.

Tumeona tulijibu swali hili bila kulicheka, kwa sababu jibu lake si kwamba jambo hili haliwezekani. Linawezekana, limeshafanyika, na limeachwa zaidi ya mara moja. Na tutakavyoona, walioliacha si wale waliokuwa wakilihitaji zaidi.

UWANJA MMOJA, NJIA MBILI

Fort Myer ni kambi ya jeshi iliyoko Arlington, Virginia, ng'ambo ya mto ukitokea Washington, na imepakana na makaburi ya taifa. Mwaka 1908 jeshi la Marekani lilijaribu hapo njia zote mbili za kuruka, moja baada ya nyingine, ndani ya wiki chache.

Mwezi Agosti lilijaribiwa puto refu lenye injini, lililotengenezwa na Thomas Baldwin. Urefu wake ulikuwa mita 29, lilijazwa gesi ya haidrojeni, na injini yake ilitoka kwa Glenn Curtiss. Lilikaa angani saa mbili, na kasi yake ilikuwa kama kilomita 31 kwa saa. Jeshi lilikubali kulinunua kwa dola 6,750.

Mwezi Septemba akaja Orville Wright na ndege yake ya mabawa. Tarehe 9 aliruka zaidi ya saa moja bila kutua, jambo ambalo watu waliona ni muujiza. Tarehe 17 alimpakia Luteni Thomas Selfridge, kijana wa miaka 26. Wakiwa angani panga moja la kusukuma ndege lilipasuka, likagonga waya ulioshikilia usukani wa nyuma, ndege ikaelekeza pua chini na kuanguka. Orville alivunjika mguu na mbavu. Selfridge alifariki jioni ile ile, akawa mtu wa kwanza duniani kufa katika ajali ya ndege yenye injini.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Selfridge alikuwa mmoja wa maofisa watatu waliofundishwa kuliendesha puto la Baldwin kwenye uwanja ule ule. Laiti panga lingepasuka akiwa ndani ya puto, pengine angepeperushwa tu mpaka akatua shambani kwa mtu.

Pamoja na msiba huo, mwaka 1909 jeshi liliinunua ndege ya akina Wright kwa dola 30,000. Puto lilitupwa mwaka 1912. Kwa nini walichague kilichoua na kukiacha kilichoelea? Sababu ni upepo. Chombo chenye kasi ya kilomita 31 kwa saa, upepo wa kilomita 40 ukikijia kwa mbele, kinarudi nyuma. Ndege inaogopa uzito wake wenyewe. Puto linaogopa upepo. Kila kimoja kina salama yake na kifo chake.

HESABU YA MITA ZA UJAZO

Sasa tuchukue kalamu. Mita moja ya ujazo ya gesi ya heliamu, ukiwa usawa wa bahari, inaweza kuinua kilo moja na ushee kidogo. Ndege ya aina ya ATR 42-500, kama ile iliyoanguka Bukoba, inaporuka ikiwa imejaa ina uzito wa tani 18 na nusu hivi. Ili gesi peke yake iibebe, zinahitajika mita za ujazo zipatazo 18,000. Hilo ni puto la duara lenye kipenyo cha mita 32, refu kama jengo la ghorofa kumi, bila kuhesabu uzito wa puto lenyewe.

Ndege hiyo husafiri kwa kasi ya zaidi ya kilomita 500 kwa saa. Ukilifunga puto la namna hiyo mgongoni mwake, ama litachanika au litaizuia ndege isiende kabisa. Kwa hiyo ile ndoto ya kuchukua ndege ya kawaida na kuiongezea gesi inaishia hapo. Hakuna nafasi ya kutosha ndani ya mabawa wala tumboni mwa ndege kuweka gesi ya kuleta tofauti yoyote ya maana.

Wahandisi waliligeuza swali. Badala ya kuipa ndege puto, walilipa puto umbo la bawa. Mwili wa chombo unatengenezwa mpana na bapa, kama maputo mawili au matatu marefu yaliyounganishwa ubavu kwa ubavu. Gesi inabeba sehemu kubwa ya uzito. Sehemu iliyobaki inabebwa na umbo lenyewe, chombo kinapokwenda mbele na hewa kupita juu na chini yake. Chombo mseto cha Airlander 10, kilichoundwa na kampuni ya Uingereza, kina urefu wa mita 92 na heliamu mita za ujazo 38,000, na umbo lake linaweza kubeba hadi asilimia 40 ya uzito wote.

Faida yake kwa usalama ni mbili. Kwanza, injini zikizimika chombo hakipotezi chote kinachokibeba. Gesi ipo pale pale, hivyo kinashuka taratibu. Pili, kikitua ni kizito kidogo kuliko hewa, kwa hiyo kinatulia chini, tofauti na maputo ya zamani yaliyohitaji umati wa watu wa kuvuta kamba. Na kwa kuwa kinatua kwa mwendo mdogo, hakihitaji barabara ndefu ya lami. Uwanda wa majani au hata maji yanatosha.

OFISI ZA JIRANI ZETU

Mengi ya mambo haya yameamuliwa hapa hapa tunapoishi. Idara ya utafiti ya wizara ya ulinzi, DARPA, iko Arlington. Katikati ya miaka ya 2000 ilianzisha mradi ulioitwa Walrus, wa kutengeneza chombo mseto cha kubeba zaidi ya tani 500 za askari na vifaa. Mradi ulisimamishwa mwaka 2006. Kampuni ya Lockheed Martin, yenye makao makuu Bethesda, Maryland, ilirusha chombo chake cha majaribio, P-791, huko California Januari 31, 2006. Mpango wa kutengeneza kikubwa zaidi cha kubeba tani 20 ulitangazwa, miaka ikapita, na mwaka 2023 kazi hiyo ikahamishiwa kampuni nyingine mpya.

Northrop Grumman, ambayo makao yake yako Falls Church, Virginia, ilipata mwaka 2010 mkataba ambao thamani yake ingeweza kufikia dola milioni 517, wa kuunda chombo mseto cha kupeleleza Afghanistan. Kiliruka New Jersey Agosti 7, 2012. Mwaka uliofuata jeshi lilifuta mradi kwa sababu za kiufundi na upungufu wa fedha, na waundaji wa Uingereza wakakinunua tena kwa dola 301,000 tu. Hicho ndicho kilichokuja kuwa Airlander 10.

Msomaji aangalie vizuri. Miradi yote miwili ya serikali ilikuwa ya vita. Haja ya jeshi ilipopungua, fedha zilikauka. Hakuna aliyekaa Arlington au Falls Church akauliza kijiji kisicho na uwanja wa ndege kinahitaji nini.

AJALI NAZO ZIPO

Tusidanganyane kwamba ukiweka gesi umemaliza hatari. Julai 1, 1986, huko Lakehurst, New Jersey, chombo kilichounganisha puto kubwa na helikopta nne kilisambaratika wakati wa majaribio, rubani mmoja akafa. Unaweza kuunganisha ubora wa vitu viwili. Unaweza vile vile kuunganisha udhaifu wao.

Airlander 10 yenyewe, Agosti 24, 2016, ilichomeka pua ardhini polepole ikitua Uingereza. Hakuna aliyeumia. Novemba 2017 ilichomoka kwenye mlingoti ilikofungwa, mfumo wake wa dharura ukaitoa gesi, watu wawili wakapata majeraha madogo. Ukizilinganisha ajali hizo na za ndege za kasi, utaona tofauti. Lakini utaona pia kwamba adui wa mwaka 1908 hajaondoka: chombo kikubwa na chepesi kikiwa chini ni mateka wa upepo.

Tena gesi haizuii kila ajali. Haiwezi kuzuia vyombo viwili visigongane usiku, wala haimwongezei akili rubani aliyechoka.

Na ni gesi ipi? Haidrojeni inawaka, Mei 6, 1937, Hindenburg iliteketea hapo hapo Lakehurst na kuua watu 36. Heliamu haiwaki, lakini wakati ule Marekani ndiyo iliyokuwa nayo kwa wingi, na sheria iliyopitishwa Washington mwaka 1927 ilibana isiuzwe nje. Leo habari ni tofauti. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba bonde la Rukwa nchini Tanzania linakadiriwa kuwa na zaidi ya mita za ujazo bilioni 1.5 za heliamu. Hayo ni makadirio, na hospitali za dunia zinaigombea gesi hiyo kwa mashine zao za kupiga picha za mwili. Hata hivyo gesi iko kwetu.

KWETU NDIKO KWENYE HAJA

Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilimwaga moto wake ndani ya mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ukafunika sehemu ya barabara ya kurukia ndege. Uwanja ukabaki mfupi. Aprili 15, 2008, ndege ya Hewa Bora ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa uwanja na kuingia mtaa wa Birere, kwenye nyumba na maduka. Watu wapatao 40 walikufa, na wengi wao hawakuwa abiria. Walikuwa watu walioamka asubuhi kwenda kutafuta riziki.

Hapo ndipo bawa na gesi vina maana. Mtu wa Washington anayekwenda Chicago hatakubali kusafiri kwa kilomita 100 na kidogo kwa saa, na hana sababu, kwa kuwa viwanja vyake ni virefu na ndege zake zinakaguliwa. Lakini mgonjwa wa Walikale au mfanyabiashara wa Kindu hashindani na kasi. Anashindana na barabara isiyopitika na ndege kuukuu. Kwake yeye polepole ni haraka.

Lipo la kuzingatia: Goma iko mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na gesi inayoinua kilo moja Mombasa itainua gramu kama 860 tu. Radi na dhoruba za maziwa yetu nazo hazina mzaha. Vyombo hivi vingehitaji kufanyiwa majaribio huko huko, si kwenye jangwa la California.

Wazo hili si geni Afrika. Novemba 1917 Wajerumani walirusha zepelini L59 kutoka Bulgaria ikiwa na shehena ya tani kama 15 kwa majeshi yao Afrika Mashariki. Ilifika karibu na Khartoum, ikaitwa irudi, na ikatua ilikotoka baada ya saa 95 na kilomita zaidi ya 6,700. Hata kule nia ilikuwa vita, na silaha na risasi zilikuwa sehemu ya mzigo.

Kwa hiyo jibu letu kwa wanaouliza vijiweni ni hili. Gesi haitaiokoa ndege ya kasi. Inaweza kutupa chombo kingine, kizito kuliko puto na chepesi kuliko ndege, kinachokwenda taratibu na kutua pasipo na uwanja. Kinachokosekana ni mlipaji ambaye haja yake si vita. Serikali za Maziwa Makuu, ambazo hukutana mara kwa mara kuzungumzia barabara na reli, zingefanya vema kuliweka jambo hili mezani, mmoja akileta heliamu, mwingine mahali pa kufanyia majaribio. Na wakati tukisubiri, wazikague hizo ndege zilizopo. Watu wa Birere hawakuuawa na ukosefu wa heliamu peke yake.