Wimbo wa Kubembeleza Mtoto Uliotoka Mto Tana

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," ndivyo wasemavyo wazee. Methali hii yafaa sana kwa mwanamuziki aalikwaye shuleni ili awafundishe wanafunzi kutunga nyimbo kabla ya tamasha. Mgeni wa namna hiyo akifika Garsen, au Ngao, au Hola, huja na kinanda chake au gitaa lake, na ujuzi wa kuandika sauti katika karatasi. Lakini kabla hajafungua mzigo wake yampasa ajiulize neno moja: je, nyimbo ataleta yeye, au atazikuta? Katika nchi ya Mto Tana jawabu lilikwisha kutolewa zamani, tena mbele ya taifa zima.

Tana ni mto mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Maji yake hutoka katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, yakapita katika nchi kavu, yakaingia Bahari ya Hindi. Mji wa Garsen uko karibu na mwisho wa safari hiyo, katika barabara itokayo Malindi kwenda Lamu. Kandokando ya mto wakaa Wapokomo, walimaji wa mpunga, ndizi na maembe, tena wavuvi na mafundi wa mitumbwi. Nyuma yao, katika mbuga, wako Waorma na ng'ombe wao. Wamisionari wa Kijerumani wa chama cha Neukirchen walifika Ngao mwaka wa 1887, wakaleta shule na nyimbo za kanisani. Lakini mama wa Kipokomo hakungoja mgeni yeyote ili apate wimbo wa kumtulizia mtoto wake.

Wimbo mmoja wa mama hao ndio uliosafiri mbali kuliko yote. Mwaka wa 1963, Kenya ilipokuwa ikijitayarisha kupata uhuru, watu watano walipewa kazi ya kutengeneza wimbo wa taifa. Mkubwa wao alikuwa Bwana Graham Hyslop, Mwingereza aliyekuwa afisa wa Serikali katika mambo ya muziki na michezo ya kuigiza, naye ndiye mwandishi wa mchezo wa Kiswahili uitwao Afadhali Mchawi. Pamoja naye walikuwa George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Watu hawa walikuwa na elimu ya muziki wa Ulaya, na lau wangalipenda wangaliweza kutunga sauti mpya kwa mfano wa nyimbo za makanisani. Hawakufanya hivyo. Walichagua sauti ya wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto, wakaivika maneno mapya ya Kiswahili na ya Kiingereza. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, bendera mpya ilipopandishwa Nairobi, sauti hiyo ya kandokando ya Tana ikawa sauti ya nchi yote. Wimbo wenyewe ndio huo uitwao Ee Mungu Nguvu Yetu.

Yafaa kuitazama kazi ile kwa makini, maana ndani yake mna somo zima la utungaji. Kwanza, sauti yenyewe haikuharibiwa. Nyimbo za taifa za nchi nyingi huchangamka kama nyimbo za askari waendao vitani, lakini wimbo wa Kenya umejengwa juu ya ile ngazi ya sauti ambayo masikioni huwa na upole na huzuni kidogo. Msikilizaji aweza kusahau kwamba asili yake ni mama na mtoto, lakini upole wa mama umo bado. Pili, maneno yalipaswa kuikubali sauti. Katika Kiswahili uzito wa neno huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mtungaji akiweka pigo zito la wimbo mahali pengine, neno hupinda, na mwimbaji huonekana kama mgeni katika lugha yake mwenyewe. Tatu, sauti iliyokuwa ya mtu mmoja iligawanywa ipate kuimbwa na kwaya na kupigwa na bendi ya matarumbeta. Kazi hizo tatu, yaani kuchagua sauti, kuipa maneno na kuipangia waimbaji, ndizo hasa mgeni awezazo kumfundisha mwanafunzi.

Liko pia somo la nne, nalo ni gumu kuliko hayo. Katika habari za wimbo huo hutajwa jina la Mzee Meza Morowa Galana, Mpokomo wa Mto Tana. Watoto wa Kenya huuimba wimbo huo shuleni tangu wakiwa wadogo, lakini ni wachache walijuao jina lake, na wachache zaidi wajuao kwamba sauti ile ilitoka kwa Wapokomo. Mama wa kwanza aliyeiimba hajulikani kabisa. Taifa lilipata wimbo, na mto ukapata sifa ndogo.

Nchi hiyo imekwisha kuona vitu vyake vikienda mbali. Wapokomo walikuwa na ngoma kubwa ya heshima iitwayo Ngadji, iliyotunzwa na wazee, wala haikuonwa na kila mtu. Katika miaka ya kwanza ya utawala wa Waingereza ngoma hiyo ilichukuliwa, na mwaka wa 1908 ikaingia katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Viongozi wa Wapokomo wameomba irudishwe. Ngoma ilichukuliwa kwa nguvu, na wimbo ulichukuliwa kwa heshima. Mambo hayo mawili hayafanani. Lakini ngoma ikitoka, mahali pake huonekana patupu. Wimbo ukitoka, hubaki pia nyumbani, na kitu kiwezacho kupotea ni jina la mwenyewe tu. Kwa hiyo jina ndilo lipaswalo kulindwa.

Siku hizi sheria nayo yasema hivyo. Mwaka wa 2016 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za asili. Kwa sheria hiyo, mtu atakaye kuutumia urithi wa jamii nje ya desturi zake hana budi kupata ridhaa ya jamii hiyo na kutaja mahali ulikotoka. Mwalimu wa kwaya asidhani kwamba jambo hili lawahusu wanasheria wa Nairobi peke yao. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka wa 1927, huwakutanisha wanafunzi kwa mashindano kuanzia karibu na kwao mpaka kiwango cha taifa, na miongoni mwa mashindano hayo mna nyimbo za asili zilizopangwa upya kwa kwaya. Kila mwalimu atwaaye wimbo wa kijijini na kuupangia sauti nne afanya kazi ile ile waliyoifanya watu watano wa mwaka wa 1963, ijapokuwa kwa kiasi kidogo.

Basi, mgeni aingiapo darasani Garsen, yafaa siku ya kwanza asifundishe neno. Awatume wanafunzi nyumbani kwa bibi zao na mama zao, kila mmoja arudi na wimbo mmoja: wa kubembeleza mtoto, wa kupiga kafi, wa kutwanga, wa kuchunga au wa arusi. Na pamoja na wimbo arudi na habari zake: nani aliuimba, katika kijiji gani, wakati wa kazi gani. Habari hizo ziandikwe daftarini kabla ya sauti kuandikwa. Baadaye mgeni aonyeshe ujuzi wake. Wanafunzi wahesabu silabi, watafute pigo zito, wajaribu maneno mapya kwa midomo kabla ya kuyaandika kwa kalamu. Na neno likikataa kuimbika, walitupe hata likiwa zuri. Mwisho wimbo urudishwe kijijini, uimbwe mbele ya yule bibi, naye aseme kama bado autambua.

Faida ya kazi hiyo yapita kikombe cha ushindi. Mwaka wa 2012 mapigano kati ya Wapokomo na Waorma katika sehemu za Garsen yaliua watu zaidi ya mia moja, wanawake na watoto wakiwamo, na nyumba nyingi zikateketezwa. Jambo hilo lilitokea katika nchi ile ile iliyoipa Kenya sauti ya kuombea amani na umoja. Wimbo hauwezi kugawa maji wala malisho. Hiyo ni kazi ya wazee, ya Serikali na ya haki. Lakini mtoto wa mkulima aliyejifunza wimbo wa mchungaji, akaujua na jina la mama aliyeuimba, hawezi tena kusema kwamba nyumba ile ng'ambo ya mto ni ya watu asiowajua.

Methali haisemi kwamba mgeni huja na dawa yote mkononi. Mara nyingi dawa iko uani kwa mwenyeji, nayo kazi ya mgeni ni kuitambua na kumwambia thamani yake. Watu wa Mto Tana wana ushahidi wa jambo hilo, nao hupigwa kila bendera ya Kenya inapopandishwa. Kilichobaki ni kwamba wimbo utakaofuata usiondoke mtoni bila jina la mwenyewe.