Je, Wajua? Mkanda wa MG 42 ulisogea kwa nusu hatua

Bunduki ya rashasha ya Kijerumani MG 42, ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ilifyatua takriban risasi 1,200 kwa dakika, yaani 20 kila sekunde. Kwa kasi hiyo, mkanda wa risasi ukivutwa kwa mkupuo mmoja ni rahisi kukwama. Dawa ilikuwa chini ya kifuniko: vidole vya chuma vilivyoendeshwa na komeo la bunduki. Komeo likienda mbele, mkanda ulisogea nusu hatua. Likirudi nyuma, ulimalizia nusu iliyobaki. Ufundi wa akili kweli, na baada ya vita Wabelgiji waliuchukua kwa bunduki yao ya FN MAG.

Mkanda wenyewe ulikuwa wa chuma. MG 08, rashasha ya Kijerumani ya Vita Kuu ya Kwanza, ilitumia mkanda wa kitambaa wa risasi 250, na kitambaa kikilowa, matata.

Kwa miguu yake miwili, MG 42 ilibebwa na askari mmoja. Kwa shabaha za mbali ilipandishwa kwenye stendi ya miguu mitatu, yenye kilo 20 hivi na springi za kumeza mshtuko. Mguu wa mbele wa stendi hiyo ulifungwa pedi, usimuumize mgongo aliyeibeba.