Kwa Nini Malindi Inazungumza Kiitaliano

Maji yakipwa mbele ya Mayungu, kusini ya Malindi, fungu la mchanga hujitokeza baharini. Watalii wa Kiitaliano wamelibandika jina Sardegna Due, na safari za kulifikia huuzwa kwa lugha yao. Kijana wa ufukweni huanza na ciao, hutaja bei, huipunguza kabla hajaombwa, huapa kwamba kambakoche wa leo ni wa leo kweli, kisha humgeukia mwenzake na kumwagiza kwa Kigiriama aisogeze mashua. Kiitaliano hicho hakukisomea popote. Vitenzi vyake vinayumba, na humsemesha mzee wa miaka sabini kama rika lake. Lakini anaeleweka, na analipwa.

Waitaliano hawakufika juzi. Miaka ya 1960 walijenga kituo cha kurushia setilaiti huko Ngomeni, kaskazini ya Malindi, na tarehe 12 Desemba 1970 kikarusha setilaiti ya Marekani ambayo, kwa kuwa siku yenyewe ni ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ilipewa jina Uhuru. Baadaye wakaja wenye hoteli, watalii na wastaafu, na lugha yao ikawa na soko.

Sasa mweke kijana huyu kando ya mwanafunzi aliyesoma Kifaransa miaka minne, akafaulu mtihani, na leo hawezi kuagiza chai kwa lugha hiyo. Wamepishana wapi?

Moja ya majibu ya mwanzo ya kisayansi lilitoka Montreal, Kanada. Mwaka 1959 Robert Gardner na Wallace Lambert walichapisha utafiti wao juu ya wanafunzi 75 wa sekondari, wazungumzaji wa Kiingereza waliokuwa wakijifunza Kifaransa. Waliona kwamba kipaji na hamu ni vitu viwili mbalimbali, na kila kimoja kinachangia kivyake. Tena, waliotaka kuwa karibu na wazungumzaji wa Kifaransa wa mji wao waliwapita waliofikiria kazi tu. Kwa miaka kadhaa ikaaminika kwamba lugha humjia anayewapenda wenyewe.

Imani hiyo ilifika Bombay ikakwama. Mwaka 1972 Yasmeen Lukmani aliwachunguza wasichana 60 wa sekondari, wazungumzaji wa Kimarathi, waliokuwa wakijifunza Kiingereza. Walikitaka kwa ajili ya kazi na kupanda ngazi ya maisha, wala hawakuwa na haja ya kufanana na Waingereza. Kadiri hamu hiyo ya riziki ilivyokuwa kubwa, ndivyo Kiingereza chao kilivyokuwa bora. Mtu wa Malindi angeweza kuwaambia wataalamu hayo bila hojaji.

Hata hivyo riziki peke yake haielezi kila kitu, na aliyeliona hilo vizuri alitoka nchi iliyokuwa imejaribu njia ya kulazimisha. Hungaria ilifundisha Kirusi kwa lazima shuleni kwa takriban miaka arobaini, mpaka 1989. Walimu walikuwepo, vitabu vilikuwepo, mitihani ilifanywa, na bado watu walioweza kukizungumza walikuwa wachache mno. Zoltán Dörnyei, mzaliwa wa Budapest, na wenzake waliwahoji wanafunzi zaidi ya 13,000 kati ya 1993 na 2004 kuhusu lugha walizozitaka na kwa nini. Kutokana na kazi hiyo alijenga nadharia aliyoitangaza mwaka 2005: kinachomvuta mwanafunzi ni picha ya nafsi yake ya kesho. Kuna nafsi anayoitamani mwenyewe, na kuna ile anayotakiwa awe nayo na wazazi, walimu au serikali. Ya pili humfikisha mtu kwenye mtihani. Ya kwanza humvusha.

Kijana wa Mayungu haihitaji nadharia aione picha yake. Ipo mtaani: kaka aliyetangulia, mwenye mashua yake na nyumba ya mawe, au yule aliyeoa Mwitaliano akahamia kwao. 

Ndani ya ubongo, hamu ina kazi inayoonekana. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliwalaza watu kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo wakawauliza maswali ya chemshabongo. Kila swali likisubiri jibu, ilipita picha ya sura ya mtu isiyohusiana na lolote. Majibu ya maswali yaliyowawasha watu udadisi yalikumbukwa vizuri zaidi, jambo la kutarajiwa. Ila hata zile sura zilizopita wakati wa udadisi zilikumbukwa zaidi. Sehemu za ubongo zinazohusika na tuzo zilikuwa zimeamka na kufanya kazi pamoja na hipokampasi, inayosaidia kujenga kumbukumbu. Mwenye hamu hunasa hata asichokikusudia.

Kisha kuna kusema. Merrill Swain, akiwatazama watoto wa Kanada waliofundishwa masomo yao kwa Kifaransa kwa miaka, aligundua kwamba walielewa karibu kila kitu lakini midomo yao ilibaki nyuma. Hoja yake ya mwaka 1985 ni kwamba msikilizaji anaweza kukisia maana, ilhali msemaji hulazimika kuunda sentensi, na hapo ndipo anapogundua asichokijua. Muuza safari hugundua mara nyingi kwa siku, kila mteja anapokunja uso.

Haya yanatuhusu na sisi wenye Kiswahili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kuagiza kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Katiba ilikuwa imekipa nafasi ya lugha rasmi ya pili tangu 2005, bila mabadiliko makubwa mitaani. Mchuuzi wa Busia hakusubiri agizo, kwa kuwa wateja wake wako ng'ambo ya mpaka. Masaka ni habari nyingine: huko wapo wazee wanaokikumbuka Kiswahili kama lugha ya askari kwenye vizuizi vya barabarani, na mjukuu husikia hadithi hizo kabla hajafungua kitabu. Kwa maoni yangu, kabla ya kuchapisha vitabu zaidi, wizara ya elimu imtafute dereva wa lori wa Masaka anayepakia mizigo Mombasa, au mama anayenunua vitenge Kariakoo, imlete darasani aeleze amekipataje na kimempa nini.