Ordinatere ya koperative: uliza batri kwanza, bei baadaye

Siku ya kugawa franga ya maharagi, wanamemba wa koperative moja ya Mugunga walifika tangu asubuyi. Walikaa juu ya mawe ya volkano mbele ya depo, kila mutu na kikaratasi chake cha kilo alizoleta. Sekretere alifungua ordinatere, akasoma majina manne. Jina la tano halikufika. Ekrani ikawa nyeusi. Umeme haukuwako tangu usiku, na batri ambayo muuzaji alisema itafanya masaa 7 ilikuwa inafanya dakika 50, tena siku ikiwa nzuri.

Mama mmoja aliyeleta kilo 180 alisimama. "Mimi nilileta maharagi, sikuleta mashini. Sasa mashini njo ilikula maharagi yangu?"

Watu walicheka, lakini si wote. Mashini ile ilinunuliwa na franga yao: wanamemba 46, kila mutu dola 5, jumla dola 230. Ilikuwa mpya, nyembamba, yenye kung'aa, bado na nailoni juu ya ekrani. Kisha miezi nane bawaba ya kushoto ilipasuka. Siku chache kisha ule mukutano ikakataa kabisa kuwaka. Na jambo lenye kuumiza zaidi ni hili: tangu mashini ifike, hakuna mutu aliyeandika tena katika kitabu. Sekretere na kesiye walitumia wiki tatu kutafuta hesabu upya katika karatasi za depo. Wanamemba wawili walijitoa katika koperative.

Koperative nyingi zinatuuliza: tununue ordinatere gani? Mbele ya kujibu, mujiulize kama munaihitaji. Kama muko watu 20 na munauza mara mbili kwa mwaka, kitabu na telefone vinatosha; zile dola mununue magunia. Sheria haiwalazimishi. Tangu Congo yetu iingie katika OHADA mwaka 2012, koperative zinafuata sheria moja iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010. Inaomba muwe na kitabu cha wanamemba na mutoe hesabu za mwaka mbele ya mukutano mukuu. Haisemi popote kwamba ni lazima ziandikwe na mashini. Lakini kama muko na mikopo ya mbegu, wanunuzi watatu na wanamemba zaidi ya mia, ordinatere inapunguza magomvi, lakini iwe yenye kuwaka siku munaihitaji.

Na hapa kwetu kuwaka si jambo dogo. Umeme wa Goma unatoka mbali, kwa mfano Matebe kule Rutshuru, na waya zinapita fasi za vita. Mavumbi meusi ya Mugunga si udongo. Ni vipande vidogo vya jiwe la volkano, vyenye kuingia kila tundu. Mashamba ya wanamemba wengi yako upande wa Sake na Shasha, kwa hiyo mashini inapanda moto, inarukaruka mugongoni mwa sekretere. Tena hatusahau tarehe 27 Mei 2021, wakati sehemu ya muji iliambiwa ikimbie kwa sababu ya Nyiragongo na barabara yetu ya Sake ikajaa watu. Siku kama ile unabeba kile mukono unaweza.

Kwa hiyo tuanze na batri.

Juu ya kila batri kuna namba yenye kumalizika na Wh. Hii njo kilo za batri. Gunia la viazi unalipima mbele ya kulipa. Batri nayo vilevile. Kama wameandika tu volti na mAh, zidisha mwenyewe: volti 11.4 mara 4200 mAh, gawanya kwa 1000, unapata karibu 48 Wh. Sasa, ordinatere ya kazi ndogo, ya kuandika na kujaza tablo za hesabu, mwangaza wa ekrani ukiwa umepunguzwa, inakula karibu wati 10. Gawanya 48 kwa 10: karibu masaa 5. Muuzaji akikuambia masaa 12 kwa batri ya 48 Wh, muombe akuonyeshe.

Ile namba lakini ni ya batri ikiwa mpya. Kila batri ya lityamu inazeeka, na joto inaizeesha mbio zaidi. Katika Windows kuna njia ya kuona umri wake, na haiombi intaneti. Fungua dirisha la amri (tafuta cmd), andika powercfg /batteryreport, bonyeza Entrée. Mashini inaandika raporo na kukuambia iko fasi gani. Ndani yake tafuta mistari miwili: DESIGN CAPACITY ni kile batri ilitengenezwa kushika, FULL CHARGE CAPACITY ni kile inashika leo. Ukiona 48,000 na 29,000, batri imebaki na asilimia 60, na yale masaa 5 yamekuwa 3. Si lazima ukimbie. Uliza batri mpya ya ile modele inauzwa ngapi, na uitoe katika bei. Muuzaji mwenye kukataza ufanye hivi, musalimie kwa heshima na uende duka lingine.

Raporo pekee haitoshi, kwa sababu batri za kuigiza zinaweza kusema uongo. Chomoa sharjere ikiwa 100, weka video, ongeza mwangaza, kaa dakika 30. Ndiyo, dakika 30, kunywa chai palepale. Ikishuka mpaka 88, ujue kwa kazi nzito ile mashini iko na masaa 4. Ikiruka gafula kutoka 40 mpaka 7, sehemu moja ya batri imekufa. Na kama mashini haikai sawa juu ya meza, ao sehemu ya kupitisha kidole imeinuka, batri imevimba. Hiyo usiinunue hata kwa bei ya bure, usiisharji, usiitoboe: inaweza kushika moto.

Sasa swali lenye kuleta ubishi katika kila mukutano: mpya ao okazi?

Mimi nasema okazi, kwa bei ya chini ya dola 300. Najua watu wengi hawapendi. Wanasema franga ya wanamemba isinunue kitu ambacho Muzungu amekwisha kutupa. Lakini mashini mpya ya bei ndogo inakuwa ndogo kwa sababu. Bawaba zake mara nyingi zimefungwa ndani ya plastiki tu. Memori imechomelewa, huwezi kuongeza. Fasi ya kuweka kazi ni GB 64, na Windows yenyewe inakula sehemu kubwa. Iko na faida moja ya kweli, nayo niiseme: nyingi hazina feni, basi mavumbi yetu hayana mulango mukubwa wa kuingia.

Zile za okazi ninazosema ni zile zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi: Lenovo ThinkPad za T na X, Dell Latitude, HP EliteBook na ProBook. Makampuni ya Ulaya na Marekani yanazitumia miaka michache kisha yanaziuza pamoja, na nyingi zinapita Dubai mbele ya kufika kwetu. Zinafunguliwa kwa tournevis. Batri, klavye, feni, vyote vinabadilishwa kimoja kimoja. Utaona pia maandishi MIL-STD-810; ni majaribio ya jeshi la Marekani, ya mavumbi, joto, kutikisika. Ni alama nzuri, lakini mutengenezaji mwenyewe anachagua majaribio gani afanye, kwa hiyo usiiangushe juu ya mawe ya Mugunga ili kuhakikisha.

Angalia namba ya prosesere. Mufano i5-8350U: ile 8 ya kwanza ni kizazi, ile U ya mwisho inasema inakula umeme kidogo. H maana yake nguvu nyingi, ya michezo na video, inamaliza batri. Kizazi ni muhimu sana sasa, kwa sababu Microsoft iliacha kutoa matengenezo ya kawaida ya bure ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa Intel, Windows 11 inaomba kizazi cha 8 kwenda juu. Ndiyo sababu okazi za kizazi cha 6 na 7 zimejaa na bei yake imeshuka. Si mbaya, kama muko na kijana mwenye kuweza kuwatilia Linux na LibreOffice, ambazo ni za bure na ziko kwa Kifaransa. Kama hakuna huyo kijana, mulipe kidogo zaidi kwa kizazi cha 8. Namba usome ndani ya mashini, si juu ya karatasi ya kubandika; karatasi ya i7 inabandikwa popote.

Disiki iwe SSD. Haina kitu chenye kuzunguka ndani, basi mashimo ya barabara hayaivunji mbio, na inakula umeme kidogo. Memori GB 8.

Kuhusu ugumu wa mwili: fungua ekrani polepole na usikilize. Bawaba yenye kulia kama mulango wa zamani itapasua plastiki. Inua mashini kwa pembe moja na uone kama inajikunja. Bonyeza kila herufi moja moja. Na hapa angalia klavye yenyewe: za kutoka Marekani na Uingereza zinaanza na Q W E R T Y, sisi tumefundishwa A Z E R T Y, na sekretere wako atateseka kutafuta é na ç. Tikisa kidogo waya ya sharjere ikiwa imeingia: kama taa inazima na kuwaka, ile fasi imechoka. Zima, washa tena. Ikiomba mot de passe mbele ya Windows, ao ikiandika jina la kampuni ya mbali na kuomba uingie kwa adresi yake, iache; inaweza kuwa ya wizi, ao wenyewe wataifunga siku moja. Mwisho, fakture yenye jina la koperative, si jina la prezida. Tumeona mashini zikiondoka pamoja na prezida.

Wale wenye pano ya jua wanauliza kama inatosha. Pano ya wati 50, jua nzuri la masaa 4, inatoa karibu 200 Wh. Nyingine inapotea njiani, lakini kujaza 48 Wh si tatizo. Kinachokula bure ni konvertisere: inapandisha volti 12 mpaka 220, kisha sharjere inashusha tena mpaka 20. Ordinatere yenye kusharji kwa USB-C inaweza kutumia sharjere ya gari moja kwa moja juu ya batri ya pano. Iwe ya wati 45 ao 65. Ile ndogo ya telefone haiwezi.

Ile koperative ya mwanzo walinunua tena. Mara hii hawakuomba kotizasio. Walitoa akiba ya depo, na mukutano mukuu ulipiga kura, 31 ndiyo, 13 hapana. Nilienda nao Birere: sekretere, kesiye, na yule mama wa kilo 180, ambaye wanamemba walimutuma kuangalia. Duka la kwanza walikataa tusichomoe sharjere. Katika la tatu tulipata ThinkPad T480. Iko na batri mbili: moja ndani ya 24 Wh, nyingine nyuma yenye kutoka bila tournevis, na hii ilikuwa ile kubwa ya 72 Wh. Ya nyuma inaweza kubadilishwa mashini ikiwa inatumika, ile ya ndani inashikilia. Raporo ilisema zimebaki 19 na 51, jumla 70 Wh. Kisha nusu saa ya video ilishuka asilimia 9 tu. Mama alikuwa anaangalia saa ya telefone yake, si ekrani. Muuzaji alitaka dola 240, tukamaliza kwa 210 kwa sababu klavye ilikuwa ya Q W E R T Y.

Sasa iko katika mufuko wa turubai ndani ya nyumba ya kesiye. Kitabu kimerudi: depo inaandika kwa kalamu kwanza, Ijumaa sekretere anaingiza, anapiga kopi juu ya kle mbili za USB. Moja inabaki kwake, nyingine kwa prezida, ili hata nyumba moja ikipata shida hesabu zibaki. Feni wanaipiga brosi kila mwezi.

Siku ya kugawa franga ya msimu wa B umeme ulikatika tena. Sekretere alisoma majina yote 44 mpaka mwisho. Mama wa kilo 180 alihesabu franga yake mara mbili, akaifunga ndani ya kitenge, kisha akauliza kama ile batri inaweza kusharji na telefone yake.